Betri ya seli za laptopu kuukuu: miezi tisa kwenye kinyozi changu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kila anayekalia kiti changu: shilingi 21,000, na nyingine 9,500 ambazo sikuzitarajia. Hizo za pili nitazieleza.

Nina kinyozi Kisauni, Mombasa. Stima ikipotea Ijumaa jioni, wateja hawasubiri, wanavuka barabara. Betri yangu ya kwanza ilikuwa ya maji, ile ya risasi na asidi, ya ukubwa wa 100Ah, na ilikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Fundi alicheka nilipomwambia. Betri ya aina ile ukizoea kuikamua kupita nusu unaiua, nami nilikuwa naikamua mpaka inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, ilie.

Huyo fundi yuko nyuma ya soko la Kongowea, kibanda cha mabati. Ameomba nisitaje jina lake, eti foleni aliyonayo yamtosha. Hununua betri mbovu za laptopu, huzipasua na kutoa seli, zile za mviringo zenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65. Betri ya laptopu ikifa, mara nyingi ni seli moja au mbili zilizokufa. Nyingine hutupwa pamoja nazo zikiwa bado nzima. Iliyoshuka chini ya volti 2 anaitenga papo hapo. Zinazobaki anazichaji hadi 4.2, anazilaza wiki mbili, kisha anapima tena. Iliyoshuka yenyewe bila kutumika haingii. Halafu anapima kila moja inabeba chaji kiasi gani, anaandika kwenye daftari la shule kwa mwandiko wa kuku. Daftari hilo ndilo lililonifanya nitoe pesa. Maneno mazuri kila fundi anayo.

Yangu ina seli 140: makundi saba yamefungwa mfululizo, kila kundi seli 20. Inabeba takribani uniti moja ya stima, na uzito wake ni kama kilo saba. Ile ya maji tuliibeba watu wawili. Inasukuma mashine tatu za kunyolea, feni, taa na TV ya inchi 32 kwa saa tano hivi. Usiku mmoja stima ilipotea saa kumi jioni ikarudi saa nne. Saa mbili nilizima TV, mpira haujaisha, nikatukanwa vizuri tu, lakini hakuna aliyetoka na kichwa nusu.

Sasa zile 9,500: zilikwenda kwa inverta nyingine. Seli saba mfululizo ni za inverta ya volti 24, na yangu ilikuwa ya 12. Alinieleza baadaye kwamba ukifunga tatu, inverta ya 12 inazima mapema kwa kuona betri imeisha. Ukifunga nne, zikijaa zinaizidi nguvu. Sawa, nimeelewa, lakini jambo hilo mtu huambiwa kabla ya kulipa amana. Hata paneli zangu mbili za sola ilibidi zifungwe upya.

Mwezi wa tano upepo wa chumvi uliotesha kutu ya kijani kwenye viunganishi. Fundi alikuja, akasugua, akapaka vaselini, hakudai kitu.

Moto nao tusifichane. Seli hizi zikichemka hazina mchezo. Kila moja ina waya mwembamba wa fyuzi, na kuna kadi ya kulinda betri (BMS) inayokata chaji ikizidi, lakini betri yangu inakaa nje, ndani ya sanduku la chuma, juu ya saruji, kivulini. Huna mahali hapo? Usinunue. Jikusanye ununue betri mpya ya lithiamu, ya aina ya fosfeti, ni tulivu zaidi na inadumu, ingawa mimi niliambiwa bei zaidi ya maradufu.

Betri ya zamani ilikuwa imebaki chini ya benchi. Mtu wa vyuma chakavu alitaka kuinunua kwa kilo, ila kwanza amwage asidi mtaroni ipungue uzito kwenye mkokoteni wake. Nikakataa. Shangazi yangu alikaa Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda kiliyeyusha risasi ya betri kuukuu katikati ya makazi na sumu ikaingia kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fundi aliipokea nzima, bila kuifungua, akaipeleka kwa mnunuzi mwenye leseni na kunipunguzia 1,500. Seli zake mbovu nazo huzifukia kwenye pipa la mchanga hadi lijae, kisha huzituma Nairobi kwa wanaopokea taka za elektroniki.

Kijana ninayenyoa naye ni Mkongomani wa Kolwezi. Siku betri ilipofika aliigonga kwa kidole: “Patron, ile mawe ya kwetu iko humu.” Anajua anachosema, seli nyingi za laptopu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwao. Yeye mwenyewe aliosha mawe hayo mtoni akiwa mdogo.

Nyota nne. Ya tano imeenda na inverta. Risiti yangu, ya mkono, ina dhamana ya mwaka mmoja. Ukienda, piga picha kibandiko cha inverta yako umwonyeshe kwanza, na usiende Jumatano mchana. Huwa amefunga, yuko mjini akikusanya laptopu mbovu.