Korti ya madai madogo Mombasa: hukumu upesi, kuipata pesa ni kazi nyingine

Kwa wale mnaouliza kama hii korti ya madai madogo inasaidia kweli ama ni maneno tu, mimi nimeitumia na nasema inasaidia sana, lakini kuna sehemu watu hawaambiwi mapema na ndo iliyonitoa jasho.

Biashara yangu ni kukodisha mahema, viti na vyombo vya harusi. Kuna jamaa wa kuandaa sherehe alichukua vitu kwangu msimu mzima akaacha deni la 180,000, mwanzo ikawa Ijumaa inshallah, halafu simu hashiki, halafu akaanza kunijibu kwa ukali utadhani mimi ndo nimekula chake. Kuweka wakili kwa deni kama hilo unaona kabisa nusu yote itaishia kwake. Ndo nikaenda korti ya madai madogo.

Hii korti ilianza Milimani, Nairobi, Aprili 2021 halafu ikasambaa kaunti zingine. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja: umeuza bidhaa hukulipwa, umefanya kazi ya mkataba hukulipwa, umeharibiwa mali, umeumizwa kwenye ajali. Kesi za shamba, za mwajiri na mfanyakazi na za kuchafuliwa jina si za hapo. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 tangu uifungue, na yangu ilimalizwa ndani ya muda huo. Nilibeba delivari alizosaini wakati wa kupokea mzigo, meseji za WhatsApp anazosema "nitamalizia iliyobaki mwisho wa mwezi", na stetmenti ya M-Pesa ya kile kidogo alicholipa. Tulizungumza Kiswahili mwanzo mwisho, mwamuzi akamuonyesha zile karatasi akamuuliza hizi saini ni zako, akasema ndio, na kuanzia hapo hakuwa na la maana la kusema. Hapo nawapa tano juu ya tano bila kusita.

Sasa hukumu ukiipata usidhani korti ndo itakuletea pesa mkononi. Ni wewe unaomba dikrii (karatasi rasmi ya hukumu), ni wewe unaomba waranti (amri ya kukamata mali yake), ni wewe unaandikia dalali wa korti, yule anayekamata na kuuza mali, barua ya kazi. Mimi nilichukua dalali niliyeelekezwa na mtu na huyo nampa moja juu ya tano. Alienda kwa mdaiwa na karani wake wakaandika orodha: sofa, TV ya inchi 55, friji, mashine ya kufua, na pikapu iliyokuwa imeegeshwa nje. Kisheria baada ya orodha hiyo mdaiwa anapewa siku 7 alipe kabla vitu havijabebwa. Ndani ya hizo siku shemeji yake akaenda kortini na risiti kusema vitu vyote vya ndani kwenye orodha ni vyake, na pikapu kumbe logbuku (kadi ya umiliki wa gari) iko kwa jina la mkewe, jambo ambalo dalali angelijua asubuhi moja kama angeitafuta ile nambari ya gari NTSA (mamlaka inayosajili magari) kabla ya kuiandika. Kitanda, nguo na sufuria hazikamatwi, wala vifaa vya fundi vya kufanyia kazi, kwa hivyo hakukubaki cha kushika. Halafu dalali akaniletea mimi bili ya 38,000! Nimeuliza nikaambiwa kweli, gharama za dalali ni za mdaiwa lakini akikosa mali ya kukamatwa zinarudi kwa aliyemtuma dalali. Usilipe tu lakini, ziko kwenye viwango vya sheria na ukiona zimepita unaomba korti izikague. Niliomba, zikakatwa.

Kilichonikomboa ni ganishi. Yani unaomba korti iiamuru benki ya mdaiwa izuie pesa zilizomo kwenye akaunti yake, benki ieleze kuna kiasi gani, na kama hakuna pingamizi la maana hizo pesa zinalipa deni lako. Akaunti yake niliijua sababu iliandikwa chini ya kotesheni aliyowahi kunitumia, na tulikuwa tunaelekea Disemba, wenye harusi wameshaanza kuweka dipoziti. Jamani, yule mtu ambaye simu yangu ilikuwa haimfikii alinipigia mwenyewe akiniita kaka. Nimelipwa deni, riba na gharama za kesi.

Mtu akikwambia umpeleke mdaiwa jela ya madeni ujue ipo, mpaka miezi 6, lakini wewe mdai ndo unatoa pesa ya chakula chake huko ndani na akitoka deni bado liko palepale. Mimi sikuigusa.

Kwa hivyo kabla ya kufungua kesi andika mahali mali yake ilipo: nambari ya akaunti, nambari ya gari na jina lililo kwenye logbuku, na ni nani ana deni kwake, manake hata pesa ambayo yeye anadai mtu mwingine inakamatika kwa ganishi. Deni la mkataba usilikalie zaidi ya miaka 6, litakufa. Hukumu ina miaka 12, so hata kama sahii hana kitu iweke vizuri na uwe unaangalia.

Korti yenyewe 5/5, ganishi 5/5, dalali niliyempata 1/5 na simtumi tena.