Tui la nazi au maziwa ya soya?

Tangu niache nyama, mayai na maziwa, mzozo wangu uko jikoni. Kwa protini soya inashinda, inakaribia maziwa ya ng'ombe. Tui ni mafuta zaidi. Ila soya ina kazi: uiloweke usiku kucha, usage, uchuje, uchemshe hadi ile harufu ya ubichi iishe.

Tui? Unakuna nazi moja tu. Tui jepesi linachemka na maharage, tui zito linaingia mwisho, unakoroga taratibu lisikatike. Na protini si imo kwenye maharage yenyewe!

Chai naiachia soya. Vitamini B12, ile tunayoipata kwenye nyama, mayai na maziwa, haimo kwenye chochote kati ya hivi, labda soya ya pakiti iliyoongezewa. Mimi nameza vidonge.