Kitabu cha sauti kuhusu mashoga na wasagaji Weusi: nimekisikiliza mara mbili

Nyota nne. Ya tano nimeizuia na sababu nitazitaja, lakini sijutii hata kidogo kukinunua. Sura ya Bayard Rustin, mwanaharakati wa haki za Weusi Marekani, peke yake nimeirudia mara nne.

Majina mengi yaliyomo nilikuwa nayajua nusunusu. Kila niliposoma habari za watu hawa, suala la kwamba walipenda watu wa jinsia yao lilipitiwa harakaharaka mwishoni, au liliachwa kabisa. Nilitaka kuwasikia wakiwa kamili, kazi zao na maisha yao ya nyumbani pamoja. Kwa Rustin nimepata nilichokitaka.

Maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi, tarehe 28 Agosti 1963, wengi tunayakumbuka kwa hotuba ya Martin Luther King. Kitabu kinakupeleka kwanza ofisini, kwa Rustin, mtu aliyepewa takriban miezi miwili kuandaa mkusanyiko ulioishia kuwa na watu kama 250,000. Mabasi yataegeshwa wapi? Maji yatatoka wapi, na vyoo je? Waliojitolea New York walifungasha vifurushi 80,000 vya chakula vyenye sandwichi za jibini. Polisi Weusi wa New York, wakiwa nje ya zamu, walikuja bila silaha kusimamia utaratibu. Rustin alishikilia kwamba vipaza sauti viwe vya uhakika, kwa sababu umati usiosikia hautulii. Halafu, zikiwa zimebaki wiki mbili hivi, Seneta Strom Thurmond, mpinzani wa haki za Weusi, akasimama ndani ya Seneti na kumwanika kwa kesi ya mwaka 1953, alipokamatwa Pasadena, California, kwa kufanya mapenzi na wanaume. A. Philip Randolph, kiongozi wa maandamano hayo, akajitokeza hadharani kumtetea, na kazi ikaendelea. Msimulizi anaisoma sehemu hiyo taratibu, bila kupandisha sauti. Nilikuwa napiga pasi. Niliizima nikakaa chini.

Ninachokisifu zaidi ni kwamba kitabu hakimpambi mtu. Mwaka 1960 King mwenyewe alimwacha Rustin ajiuzulu kama msaidizi wake baada ya mbunge mmoja kutishia kueneza uvumi wa uongo kwamba wao wawili ni wapenzi. Hilo limo, na linauma.

Mwisho wa sura hiyo nilimsimulia dada yangu: kwamba mwaka 1982 Rustin alimuasili kisheria mwenzi wake, Walter Naegle, na mama mzazi wa Walter ikabidi asaini karatasi ya kumwachia mwanawe ambaye tayari alikuwa mtu mzima. Dada akauliza, "Sasa mtu anamuasilije mwenzi wake?" Ikabidi nimweleze kwamba hawakuwa na ndoa ya kukimbilia, na bila karatasi yoyote Walter angeweza kuzuiwa hata mlango wa wodi Rustin akiugua. Dada alinyamaza muda mrefu. Rustin alifariki mwaka 1987, na mwaka 2013 Rais Obama alipomtunuku Nishani ya Uhuru, Walter ndiye aliyeipokea.

Sura ya Billy Strayhorn nayo ni nzuri. Huyu ndiye aliyetunga muziki mwingi uliovuma chini ya jina la Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi, na aliishi bila kujificha tangu miaka ya 1940, wakati karibu hakuna aliyethubutu. Kitabu kinauliza kama uhuru huo aliulipia kwa kubaki kivulini. Swali hilo bado ninalo. Audre Lorde, mshairi aliyezaliwa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, na wazazi kutoka visiwa vya Karibi, amepewa nafasi ya kutosha. Alikuwa akijitambulisha kwa majina yake yote pamoja, Mweusi, msagaji, mama, mpiganaji, mshairi, na hakukubali aulizwe achague moja. Hapo nilisimamisha na kurudisha nyuma mara kadhaa.

Alvin Ailey, kwa upande mwingine, kapitishwa mbio. Mtu aliyeanzisha kundi lake la dansi mwaka 1958, kisha akafariki mwaka 1989 kwa UKIMWI baada ya kumwomba daktari ataje ugonjwa mwingine ili mama yake asiaibike, anastahili zaidi ya dakika chache. Sura ya wanasiasa ni orodha tu: Lori Lightfoot kuwa meya wa Chicago mwaka 2019, Ritchie Torres na Mondaire Jones kuchaguliwa katika Bunge la Marekani mwaka 2020. Nani, wapi, lini, basi.

Nyota ya tano imepotelea Afrika. Bara zima limepata sura moja, ya Simon Nkoli wa Afrika Kusini, na sura yenyewe ni kali kweli. Alikamatwa mwaka 1984 na kushtakiwa kwa uhaini pamoja na wapinzani wengine wa ubaguzi wa rangi. Akiwa gerezani aliwaambia washtakiwa wenzake kwamba yeye ni shoga; baadhi wakataka ashtakiwe peke yake, kisha polepole wakaja kumkubali. Mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioandaa maandamano ya kwanza ya fahari (Pride) ya mashoga na wasagaji Johannesburg. Lakini msimulizi analivuruga jina lake kila anapolitaja, na hakuna aliyejali kumsahihisha. Zanele Muholi, anayepiga picha za wasagaji Weusi wa Afrika Kusini tangu mwaka 2006, hayumo. Binyavanga Wainaina, mwandishi Mkenya aliyejitangaza kuwa shoga mwaka 2014 akijua vizuri sheria za Kenya, hayumo. Hili limeniumiza, kwa sababu msikilizaji atadhani ujasiri huu ni wa Harlem pekee.

Kuhusu matumizi: sauti ni safi hata kwa kasi kubwa kidogo, na alama za kurejea zinafanya kazi. Kero ni kwamba sura zina namba tupu, bila majina ya wahusika, hivyo kumtafuta Lorde baada ya wiki ni kubahatisha. Andika pembeni mwenyewe: Rustin ni ya tatu, Strayhorn ya tano, Lorde ya saba, Nkoli ya kumi na moja. Ukiwa na jioni moja tu, sikiliza ya tatu kisha ruka moja kwa moja hadi ya kumi na moja.