TAHADHARI: Muuzaji anayekuomba umwachie chenja yako "mbovu" ya CD

Wenye magari ya zamani hapa Nairobi, hasa mliobaki na chenja ya CD kwenye buti (kile kifaa kinachobeba CD kadhaa na kuzibadilisha chenyewe kwa ajili ya redio), kuna muuzaji wa spea za redio maeneo ya Kirinyaga Road anayetapeli watu. Mwezi uliopita alimpata baba yangu.

Chenja ya mzee ilikuwa inazungusha CD kisha inaandika ERROR. Jamaa hakufungua hata skrubu moja. Akasema leza, yaani mwanga unaosoma CD, imekufa, akaleta nyingine "iliyotoka Japani juzi", akaijaribu mezani kwa CD yake mwenyewe, wimbo mmoja tu. Kisha akataja bei mbili: ya juu ukiondoka na yako, ya chini ukimwachia. Mzee akamwachia, akalipa kwa M-Pesa. Kufika Pangani nyimbo zikaanza kurukaruka, kufika nyumbani kimya. Aliporudi akaambiwa redio yake ndiyo mbovu, na pesa hairudishwi.

Kesho yake tulienda pamoja. Chenja yetu ilikuwa rafuni, na alama ya rangi nyeupe aliyoipaka baba ubavuni, inaimba vizuri kabisa, inauzwa eti imetoka Japani! Tulipoidai akasema biashara ilishaisha. Huu ni wizi, na anaowalenga ni wazee wanaomwamini fundi.

Ukiambiwa leza imekufa, usikubali haraka. Vumbi la barabara zetu huingia hadi kwenye buti na kutanda juu ya lenzi, na mara nyingi kuipangusa taratibu kwa pamba yenye spiriti safi kunatosha. CD moja ikikataa na nyingine zikaimba, kagua hiyo CD. Jaribu CD halisi ya dukani, kwa sababu chenja nyingi za miaka ya 1990 hazisomi MP3, na zile CD za kufutwa na kurekodiwa upya huzishinda. Angalia fyuzi. Tazama pia vile vidude vya pembeni vya kuchagua kama chenja imelala au imesimama: visipolingana na ilivyofungwa, itaruka kila ukipita tuta.

Ukilazimika kununua, kumbuka kila kampuni ina mfumo wake wa kuunganisha chenja na redio: Sony walitumia UniLink, Pioneer wakatumia IP-Bus, na haziongei lugha moja. Ifungwe kwenye gari lako, uijaribu kwa CD zako, uendeshe hadi ipate joto, ndipo ulipe. Kama ilisafirishwa, hakikisha skrubu za kuishikilia safarini zimetolewa. Piga picha ya nambari iliyo kwenye kibandiko cha chenja yako kabla fundi hajaigusa, na usimwachie hata akikupunguzia nusu bei.

Yetu bado hatujaipata. Ni Sony, magazini (kasha la kupakia CD) ya CD 10, ina mstari mfupi wa rangi nyeupe ubavuni karibu na mlango wa magazini. Ukiuziwa au ukiiona mahali, tafadhali niandikie.