TAHADHARI: Muuza GPS za mkononi anayewawashia wateja "Demo Mode" dukani

Wapimaji, wachimbaji wadogo, watu wa misitu na yeyote aliyeagiziwa na bosi wake atafute GPS ya mkononi: simamisha malipo kwanza, soma hapa. Jamaa wa eTrex 32x (GPS ya mkononi ya Garmin) "mpya kutoka Dubai", yule yule wa tangazo mlilolisambaza wenyewe kwenye magrupu, anauza vimeo. Jina silitaji hapa. Waliotuma advansi wanajijua.

Na msianze kusema "mngeangalia kabla ya kulipa". Tuliangalia. Hapo ndipo hasira inapotoka, maana huyu si tapeli wa kuuza boksi lenye sabuni ndani. Anakijua kifaa, tena vizuri kuliko nusu ya wanaokinunua, na ujuzi wake wote ameuelekeza kwenye kuibia watu.

Anavyofanya ni hivi. Mteja anafika Kariakoo, duka la chini, ghorofa kadhaa za zege juu ya kichwa. Kifaa kiko mezani, tayari kimewashwa. Nailoni bado imebanduliwa nusu kwenye kioo ili mtu aone upya wake. Anakiinua, anasema: "Ona mkuu, hata humu ndani inashika." Anafungua ukurasa wa ramani: pembetatu ya mahali ulipo imetulia juu ya Kariakoo, haipepesi, haina alama ya kuuliza. Anayezijua eTrex anajua maana yake. Kifaa kikikosa setilaiti, pembetatu ile hubebeshwa alama ya kuuliza, na ndicho kitu cha kwanza jicho linachokitafuta. Haikuwepo. Kisha anakupeleka kwenye koordinati: 37 M (zoni ya ramani), Easting (namba ya mashariki) 530 elfu na kitu, Northing (namba ya kaskazini) milioni 9 na 246 elfu na kitu. Mtu aliyezoea kufanya kazi Dar namba hizo anazo kichwani, na kwa Kariakoo ziko sawasawa. Hapo nani angekataa?

Kuhusu zege, ndiyo, ilitakiwa ishtue. Ila mkumbuke vipokezi vya sasa vina unyeti ambao zile eTrex za njano za zamani hazikuwa nao. Vinasoma GPS na GLONASS (setilaiti za Urusi) kwa pamoja, na karibu na mlango au dirisha huwa vinashika, ingawa usahihi unayumba. Duka lina mlango mpana unaotazama barabara. Maelezo yake yalikuwa na mantiki. Hata bei haikuwa ile ya "chukua haraka" inayomshtua mtu. Modeli hii ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa inauzwa dola 300 hivi Marekani, na yeye alitaja bei inayoendana na hiyo ukiongeza usafiri na faida. Angeitaja nusu bei, kila mtu angekimbia.

Sasa kilichokuwa kinafanyika. Ndani ya eTrex kuna mpangilio: Setup, kisha System, kisha Satellite System. Chaguo zake ni GPS, GPS + GLONASS, na Demo Mode. Ukiweka hiyo ya mwisho, kipokezi kinazimwa kabisa na kifaa kinajifanya kimepata mahali. Kiliwekwa kwa ajili ya kujifunzia menyu ukiwa ndani ya nyumba. Halafu kwenye ukurasa wa Satellite, ukibonyeza menyu, kuna Set Location On Map: unasogeza kishale juu ya ramani hadi mahali unapotaka, unathibitisha, na kifaa kinaamini kiko hapo. Jamaa anaweka Demo Mode asubuhi, anapachika pembetatu juu ya duka lake, na siku nzima kifaa kinatangaza kwamba kiko Kariakoo. Angetaka kingesema kiko Mwanza. Ndiyo maana hagusi ukurasa wa Satellite mbele ya mteja. Anaruka ramani, dira, kikokotoo, saa ya machweo, anarudi ramani. Vidole vyepesi kama mcheza karata tatu wa stendi.

Ukifika saiti, ukatoa betri, ukarudisha GPS + GLONASS na kuanza upya nje kwenye anga wazi, ndipo ukweli unatoka. Alama ya kuuliza inakaa pale pale. AutoLocate (kifaa kujitafutia mahali) inazunguka haimalizi. Ukiweka eTrex nyingine nzima pembeni yake, ile inapata mahali ndani ya dakika moja hivi, hii haipati hata setilaiti moja. Fundi alipokifungua, kigae cha antena kilikuwa kimeachia kwenye bodi, alama za kudondoka zipo, na kasha lilikuwa limeshafunguliwa kabla na kurudishwa kwa gundi ya super glue pembezoni mwa mpira. Kwa hiyo hata ile IPX7, ya kuvumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, isahau. Mvua ya kwanza ya Chunya inaingia ndani.

Na haikuwa 32x! Hiyo ndiyo inayouma zaidi. Ni 22x iliyobandikwa stika. Kwa nje ni pacha: kioo kile kile cha inchi 2.2, kumbukumbu ile ile ya GB 8, tundu lile lile la mini-USB, betri mbili za AA. Tofauti iko ndani. 32x ina dira ya kielektroniki ya mihimili mitatu na kipimo cha mwinuko kinachotumia kanieneo ya hewa, 22x haina hivyo. Anayetembea porini hawezi kuona tofauti haraka kwa sababu 22x nayo inaonyesha dira, ila inapata mwelekeo kutokana na mwendo wako. Ukisimama, dira yake inakuwa pambo.

Alipobanwa kwa simu, majibu yake yaandikeni yote, maana atawapa na nyie. La kwanza: "betri zenu mbovu." La pili: "haijafanyiwa kalibresheni, leteni, elfu hamsini, na cheti chenye muhuri." La tatu, ambalo lilitosha kumpeleka mtu rumande: kwamba kwa laki moja anaweza "kufungua usahihi wa kijeshi" na kulipia setilaiti za mwaka mzima.

Tuyavunje moja moja, kwa kuwa kuna watu wameshalipia hayo.

Setilaiti za GPS hazilipiwi. Mawimbi yanarushwa bure kwa kila mwenye kipokezi, tangu mwanzo hadi kesho. Usahihi uliokuwa ukivurugwa makusudi kwa raia uliachiwa na Marekani Mei 2000, na tangu hapo hakuna kitufe cha kufungua chochote. GPS ya mkononi kwenye anga wazi itakupa mita 3 hadi 5, basi. Akija mtu na "sentimita" kwenye kifaa cha betri mbili za AA bila kipokezi cha pili cha kusahihishia, huyo anakudanganya, awe muuzaji au awe ndugu yako. Mifumo ya setilaiti ya kusahihisha GPS nayo, WAAS ni ya Amerika ya Kaskazini na EGNOS imejengewa Ulaya. Kuziwasha Geita ni kula betri tu.

Kalibresheni: kinachokalibreti kwenye 32x ni dira na mwinuko, na unafanya mwenyewe bure. Dira: simama nje mbali na gari, nguzo na simu, fungua ukurasa wa dira, menyu, Calibrate Compass, Start, kisha kizungushe kama skrini inavyoelekeza. Rudia kila ukibadilisha betri au ukisafiri mbali. Mwinuko: simama mahali unapojua urefu wake kutoka usawa wa bahari, ingiza namba. Koordinati hazina kalibresheni ya muhuri. Cheti chake ni karatasi ya kufungia maandazi.

Betri: kweli betri za mia tano mbili haziendi mbali kwenye kifaa hiki, na ukitumia za kuchaji bila kubadilisha Battery Type kwenye System, alama ya chaji itakudanganya. Ila betri mbovu inazima kifaa. Haiui antena.

Kuna kundi lingine la wateja wake ambao vifaa vyao vinashika vizuri, nao wasishangilie. "Aliwasetia" kabla ya kuwakabidhi, na kwenye Position Format datamu (msingi wa kupimia koordinati) imeachwa Arc 1960, ile ya zamani ya Afrika Mashariki, bila mtu kuambiwa. Kama karatasi yako ya koordinati za eneo imeandikwa WGS 84 (datamu ya GPS yenyewe), ukatafuta kona zako kwa kifaa kilichowekwa Arc 1960, utasimama karibu mita 300 nje ya mahali kwenye Northing, na makumi ya mita kwenye Easting. Eneo la mraba la hekta 10 lina upande wa mita 316 hivi. Piga hesabu mwenyewe: unapiga bikoni na kuchimba shimo kwenye eneo la jirani, huku kifaa kinakuambia uko kwako. Na kinyume chake ni hivyo hivyo, karatasi ya Arc 1960 haisomwi kwa WGS 84. Angalia karatasi imeandikwa nini, weka hicho hicho, na zoni ihakikishe: Dar, Morogoro na Arusha ni 37, Dodoma, Geita na Chunya ni 36.

Ramani ya "Afrika Mashariki lifetime" anayoiuza kando ni faili la OpenStreetMap, gmapsupp.img ndani ya memori kadi. Linapakuliwa bure na yeyote mwenye bando. Tena la kwake ni la zamani, barabara mpya nyingi hazimo.

Namna ya kumkamata yeye na wenzake wenye mchezo huu, kwa haraka:

Kizimwe, betri zitolewe, kiwashwe mbele yako, nje. Akikataa kutoka nje na kifaa, ondoka.

Fungua Satellite System kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukurasa wa Satellite. Kilichosafirishwa kutoka nchi nyingine kinaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, kivumilie. Kishike kimelala, uso juu, maana antena ya eTrex inatazama mbinguni.

Tembea nacho. Hili halidanganyiki. Kwenye uwanja wa mpira, weka pointi golini, nenda goli la pili, uliza umbali. Kikisema mita 100 na kidogo, sawa. Kikisema sifuri wakati umevuka uwanja, mrudishie.

Simama tuli, jizungushe mwili: dira ya 32x inazunguka nawe. Isipozunguka, na menyu haina Calibrate Compass, ni 22x.

Nenda na laptopu na waya wa mini-USB. Kifaa kinafunguka kama flashi. Ndani ya folda ya Garmin kuna faili GarminDevice.xml, lifungue kwa Notepad. Jina la modeli limeandikwa humo, pamoja na namba ya Id. Stika inabandikwa na mtu yeyote, faili hili yeye hajalifikia. La kwetu liliandikwa 22x wazi wazi.

Serial namba iko kwenye lebo ndani ya chumba cha betri. Pitisha kucha kwenye kingo zake. Na kagua mpira wa pembeni kama una ukoko mweupe wa gundi.

Ukikuta tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20, ni kifaa cha zamani ambacho hakikupona lile duru la wiki 1024 la Aprili 2019, hesabu ya wiki za GPS iliporudi sifuri. Jamaa anazo chache za hivyo kwenye droo, anaziita "toleo la jeshi".

Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi). Alitoa ya kuandika kwa mkono. Hapo tulikuwa tumeshalipa.

Huyu mtu asiachwe. Kurudisha hela peke yake haitoshi, maana atarudisha ya mmoja na kuuza kwa watatu. Bidhaa yenye chapa ya kughushi ni kesi ya FCC (Tume ya Ushindani), wana meno kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na matangazo yake ya mtandaoni yanaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Piga skrinishoti za tangazo sasa hivi kabla hajalifuta, na muamala wa lipa namba uutunze, usifute meseji. Duka lifungwe, droo ikaguliwe, na yule kijana wake anayebandika stika naye aeleze anazichapisha wapi.

Mwenye kifaa kutoka kwake, hata kama kinashika: piga picha lebo ya ndani ya chumba cha betri na mstari wa Id kwenye GarminDevice.xml, utume kwa admini, siyo hapa hadharani. Vifaa viwili tayari vimeonekana vina serial namba moja kwenye lebo na Id mbili tofauti. Tukipata cha tatu, tunakwenda FCC navyo vyote pamoja.