Kitabu cha sauti cha historia ya GIGN: wamekata palepale Loyada

Msinunue. Au basi, nunueni, ila mjue mapema kwamba sura ya Jibuti imekatika katikati, na ukiuliza utajibiwa kwa dharau.

Nilikipakua juzijuzi kwa sababu hawa GIGN, makomandoo wa jandameria (polisi wa kijeshi) ya Ufaransa, nawafuatilia tangu zamani. Mwanzo umesimuliwa vizuri mno: wanamichezo wa Israeli wanauawa Munich mwaka 1972, Ufaransa inashtuka, na kufikia 1974 luteni Christian Prouteau ana kikundi kidogo cha watu anaowanoa mwenyewe. Tukaingia Loyada, huko Jibuti, Februari 1976. Basi la shule lenye watoto wa wanajeshi wa Kifaransa limetekwa, limesimama karibu kabisa na mpaka wa Somalia. Wadunguaji wamelala mchangani kwa saa nyingi, jua linawachoma. Prouteau anataka risasi zote zitoke kwa mpigo mmoja, watekaji waanguke pamoja. Watoto wamepelekewa chakula chenye dawa ya usingizi ili wasinzie, vichwa vishuke chini ya madirisha...

Kimya. Sauti ikarudi, na msimulizi yuko Marignane, uwanja wa ndege karibu na Marseille, Ufaransa, mwaka 1994!

Nikafuta, nikapakua upya. Palepale. Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Jibu: "Sehemu iliyokatika ni ndogo, haiharibu historia ya kikosi. Endelea na sura inayofuata." Ndogo? Wasichana wawili walikufa kwenye mkasa ule! Mvulana mmoja alivushwa hadi Somalia, akarudishwa siku kadhaa baadaye. Walinzi wa mpaka upande wa Somalia walifyatua risasi, mapigano yakazuka. Ndiyo operesheni iliyowajengea jina vijana wa Prouteau, na ilitokea kwenye ardhi ya Afrika, Jibuti ikiwa bado chini ya Ufaransa. Anayeiita ndogo hakusikiliza hata dakika moja ya anachokiuza.

Haki yao niwape: sura ya Marignane, ya ndege ya Air France iliyotekwa, ni moto. Ngazi inafika kwenye mlango wa ndege ikiwa juu mno, mlango unagoma kufunguka, inabidi irudishwe nyuma kidogo huku watekaji wako ndani na silaha. Rubani msaidizi anaruka kupitia dirishani. Watekaji wote 4 wanauawa, na abiria waliokuwa bado ndani wanatoka hai wote. Nilisikiliza nimesimama. Nikapandisha kutoka nyota moja hadi nne, nikasema kitabu hiki kila mpenzi wa historia za kijeshi akisikilize.

Halafu nikalisoma tena lile jibu lao. Hapana. Nimedai sura kamili au hela yangu, na mpaka sasa hawajajibu. Nyota mbili, zote za msimulizi.