TAHADHARI: Laptopu za mtumba zenye USB mbovu iliyofichwa ndani ya Linux

Wakuu, kama unatafuta laptopu ya mtumba iliyokwisha kuwekewa mfumo endeshi wa Linux, soma hapa kabla hujatuma hela.

Mwezi uliopita nilinunua moja hapa Dar es Salaam kwa shilingi 480,000. Muuzaji alichomeka flashi mbele yangu, ikasoma. Nikalipa. Nyumbani nikanakili diski yake yote pembeni, nikaifuta, nikaweka Linux upya, ndiyo kawaida yangu. Balaa likaanza. Nikihamisha faili kubwa kwenda diski ya nje, ghafla diski inapotea, kipanya kinazima, kila kilichochomekwa kinakata kwa mpigo. Kwenye dmesg, amri inayoonyesha logi ya kerneli (kiini cha Linux), naona `xHCI host controller not responding, assume dead`, kisha `HC died; cleaning up`. Yaani kidhibiti cha USB, chipu inayosimamia matundu yote, kimeacha kuitikia na kerneli imekikatia tamaa.

Muuzaji akasema nimeiharibu mwenyewe kwa kubadilisha Linux. Nilikaribia kumwamini, mpaka nilipofungua ile nakala. Kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, kuna `usbcore.autosuspend=-1`, inayozuia vifaa vya USB visilazwe ili kuokoa umeme. Na ndani ya /etc/systemd/system kuna huduma, yaani programu inayojiendesha chinichini, inayochungulia logi muda wote. Ikiona kidhibiti kimekufa, inaandika anwani yake kwenye `unbind` kisha kwenye `bind` katika /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd, kinafufuka. Kwa flashi ndogo ya majaribio dukani huwezi kugundua kitu. Aliyeandika hayo alijua fika mashine inaumwa nini.

Kuzunguka ubovu wa chipu si kosa. Kerneli yenyewe ina marekebisho mengi ya aina hiyo, fungua xhci-pci.c uone. Ila yale yako hadharani, na kila moja linataja chipu linayoihusu. Huyu ameficha, akauza kibovu kwa bei ya kizima. Tena kukifufua kidhibiti hakuokoi kilichokuwa kinaandikwa wakati kinakufa. Nimepoteza picha za harusi ya dada yangu kwa njia hiyo, na hazikuwa na nakala nyingine.

Ukienda kununua, andika `cat /proc/cmdline`. Ukiona neno linaloanza na usbcore, xhci_hcd au usb-storage, muulize limewekwa kwa nini. Kisha iwashe kwa Linux iliyo kwenye flashi yako mwenyewe, si ile aliyoiweka yeye. Nenda na diski ya nje, nakili GB 20 au zaidi, badilisha matundu, funga kifuniko ilale, ifungue, halafu andika `sudo dmesg | grep -i xhci` uone kama yale maneno ya juu yapo. Mashine ikiganda katikati, jibu umelipata, maana Linux yako yenyewe inasomwa kupitia USB. Akikukatalia usitumie flashi yako, mwachie laptopu yake.

Mimi hela sijarudishiwa, na muuzaji wangu simu zangu hapokei tena. Ile huduma ninayo nzima. Aliyenunua mashine ya namna hii aniambie, nitamtumia alinganishe na yake.